Mkono wa Joho

Mtoto wa Orie aliacha kulia, na watu wote wa nyumba ile wakashukuru.

Alikuwa mvulana, jina lake Tsugio, hata meno alikuwa hajaota. Tangu kuzaliwa alikuwa mtoto wa kelele. Muuza tofu, ile jibini ya soya, wa mtaa ule alizoea kusema kwamba nyumba ya waigizaji mwishowe imepata mwimbaji wa kweli. Kisha theluji ya kwanza ikaanguka mjini Kanazawa, na kilio kikakatika. Mtoto akawa analala mchana kutwa. Akiamka, anatazama juu darini na kucheka kidogo, kama mtu anayetekenywa.

"Umemfanya nini?" aliuliza mama mkwe wake, Bi Fusae. "Usiniambie umejipaka pombe kwenye titi."

"Sijafanya kitu, mama."

"Basi endelea hivyohivyo kutofanya kitu. Jana nimelala kama gogo."

Orie alicheka kwa adabu, mkono mdomoni. Hakusema lililokuwa likimsumbua. Asubuhi ile, alipomwinua mtoto kutoka kwenye godoro, mikono yake ilipanda juu kwa kasi kuliko alivyokusudia, kama mtu anayenyanyua ndoo akidhani imejaa, kumbe haina maji.

Alimtazama vizuri. Mashavu yalikuwa yaleyale. Mapaja yalikuwa na mikunjo ileile. Mtoto alikuwa mnene, ila alikuwa mwepesi.

Wanaume wa nyumba ile walikuwa waigizaji wa Noh, tamthilia ya kale ya Kijapani ya vinyago na nyimbo, mtoto baada ya baba, tangu enzi za mabwana wa ngome. Nyuma ya nyumba kulikuwa na jukwaa la mazoezi, la mbao tupu zilizong'aa kwa kusuguliwa na soksi nyeupe za waliokwisha kufa. Mwishoni mwa majira hayo ya baridi Tatsunori, mume wa Orie, alitakiwa acheze kwa mara ya kwanza mchezo ambao familia iliutunza kuliko yote. Waliuita Mkono Mtupu.

Ni mchezo wa mama aliyepotelewa na mwanawe katika theluji mlimani. Akili zinamruka, anatangatanga miaka mingi. Siku moja anamwona mtoto amesimama njiani. Anamkimbilia, anamfunika kwa mkono mpana wa joho lake na kumkumbatia. Hapo waimbaji wanamwambia ukweli kwa wimbo wa mwisho, naye anafungua mkono, na ndani hamna kitu. Mtoto huyo haigizwi na yeyote. Mwigizaji anakumbatia hewa, na watazamaji ndio wanaopaswa kumwona mtoto.

Tatsunori alikuwa na sauti nzuri na miguu mizuri. Kilichomshinda ni huo mkono.

"Kitambaa," baba yake, Mzee Genzo, alimwambia kila jioni. "Naona kitambaa. Mtoto yuko wapi?"

"Nitajaribu tena, baba."

"Babu yako alipokunja mkono, wanawake ukumbini walisogea ili mtoto asipigwe na baridi. Wewe unakunja nguo za kufua."

Tatsunori aliinamisha kichwa. Alikuwa akirudi chumbani na kukaa mbele ya jiko la mafuta ya taa, na Orie, ambaye hakujua kufariji kwa maneno, alimmiminia chai.

Mara mambo yakageuka. Karibu na siku zile mtoto alipoacha kulia, Orie alikuwa akimenya figili jikoni, akasikia wimbo wa mazoezi ukikatika katikati. Kisha akasikia sauti ya Mzee Genzo, nayo ilikuwa ikitetemeka.

"Yumo," alisema mzee. "Leo mkono wako una mtu."

Usiku ule Tatsunori alikula mabakuli matatu ya wali na kumchekesha mama yake. Orie alifurahi. Aliinuka kwenda kumtazama mtoto, akamkuta macho wazi, akicheka na dari, na chumba kizima kikinuka karafuu maiti.

Harufu hiyo haikuwa ngeni nyumbani mle, kwa maana majoho ya mchezo yalihifadhiwa nayo. Lakini majoho yalikaa kwenye masanduku upande wa pili wa ua. Chini ya harufu ile kulikuwa na nyingine, baridi na mbichi, harufu ya theluji iliyokaa muda mrefu mahali pasipofika jua.

Mkeka kando ya godoro la mtoto ulikuwa umelowa.

Kinyago cha yule mama kilitundikwa ukutani katika chumba cha kioo, ambamo mwigizaji huvaa na kujitazama kabla ya kutoka. Kilikuwa uso wa mwanamke wa makamo uliochongwa kwa mti, mweupe uliopauka, mdomo umeachwa wazi kidogo. Kila aliyekulia karibu na jukwaa anajua jambo hili: kinyago kikiinamishwa kidogo, uso huingia wingu, kikiinuliwa kidogo, uso huangaza. Ni mti uleule, mwanga tu ndio unaobadilika. Na kinyago cha mama huyu siku zote kilitundikwa kikiwa kimeinama, kikiwa na wingu.

Orie alipita mlangoni alasiri moja, mtoto kifuani, anapeleka taulo. Aliona uso ukutani unang'aa.

Akasimama. Akajiambia kwamba ni mwanga wa theluji ya uani. Alirudi nyuma hatua chache, akamlaza mtoto kwenye mto sebuleni, akaja tena peke yake kuchungulia. Uso ulikuwa na wingu. Alimchukua mtoto, akarudi naye mlangoni. Kinyago hakikutikisika. Kamba yake ilikuwa palepale kwenye msumari. Lakini kidevu kilikuwa juu, na ule mdomo uliokuwa wazi kwa huzuni sasa ulikuwa wazi kama wa mtu anayetaka kuita jina.

Tsugio alikinyooshea mikono.

Tangu siku hiyo Orie hakumweka mtoto chini. Alipika naye mgongoni, alifagia naye mgongoni, na ilikuwa rahisi mno, kama kubeba shuka. Saa za jioni, theluji ikiwa imeziba madirisha na nyumba ikiwa na giza mapema, alisikia nyayo kwenye ukumbi wa mbao. Mtu wa kawaida huinua mguu na kuukanyaga. Nyayo hizi hazikuinuka. Ziliburuzika taratibu, shhh, kisha kimya, kisha shhh, ule mwendo wa jukwaani ambao mwigizaji hufundishwa tangu utotoni. Zilikuja mpaka kwenye mlango wa karatasi wa chumba chake na kusimama. Mara ya kwanza alidhani ni mumewe, akafungua mlango huku akisema chai iko tayari. Ukumbi ulikuwa mtupu. Kutoka jukwaani, mbali, sauti ya mumewe ilikuwa ikiendelea kuimba.

Aliyeyafunua mambo ni Bi Fusae, na aliyafunua bila kutaka.

Alimchukua mjukuu wake kumwogesha alasiri, kwenye pipa la mbao la maji ya moto, huku akisimulia jinsi muuza samaki alivyotaka kumpa kaa aliyekufa juzi. "Nikamwambia, huyu kaa ananuka kuliko mume wangu, na mume wangu bado yuko—"

Hakumaliza. Orie alisikia kimya, akakimbilia bafuni.

Bi Fusae alikuwa amejibanza ukutani, mikono yote miwili hewani, inatiririka maji. Hakuwa amemshika mtoto. Tsugio alikuwa amelala chali juu ya maji, hajazama hata masikio, anazunguka polepole kama kibuyu kilichotupwa mtoni, na anacheka na mvuke.

"Orie," mama mkwe alinong'ona. "Mwanangu. Huyu mtoto ana nini?"

Orie alimtoa, akamfunga taulo. Hapo ndipo alipoeleza yote, kwa sauti ya chini, macho sakafuni: wepesi, harufu, nyayo, kinyago. Alitegemea kuchekwa. Bi Fusae hakucheka. Alivuta taulo jingine lililolowa, akatoka nalo moja kwa moja mpaka jukwaani, ambako Tatsunori alikuwa akikunja joho, akamchapa nalo mgongoni kama mtoto mdogo.

"Umefanya nini na kinyago kile? Sema!"

"Mama! Umepatwa na nini?"

"Mjukuu wangu anaelea kama kipande cha tofu! Sema!"

Tatsunori alimwangalia mkewe, kisha mtoto. Akakaa chini pale alipokuwa.

"Nilitaka kujua uzito," alisema.

"Uzito gani?" Orie aliuliza.

"Wa mtoto mkononi. Baba kila siku anasema kitambaa, kitambaa. Siku ile mlikwenda sokoni, mkaniachia Tsugio. Nikavaa joho. Nikavaa na kinyago, nijue jinsi mama yule anavyomwona. Nikamtia Tsugio ndani ya mkono, nikamkumbatia." Alitazama mikono yake. "Akacheka. Na mimi nikacheka humohumo ndani ya kinyago. Kisha simu ikalia."

Mzee Genzo alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyemsikia akifika.

"Ulimaliza wimbo?" aliuliza.

"Hapana, baba."

"Ulikiinamia kinyago kabla ya kukivua?"

"Simu ilikuwa inalia, baba."

Mzee alishika nguzo ya mlango. "Tangu babu wa babu yangu," alisema taratibu, "huyo mwanamke anakumbatia hewa. Kila mara tunamwambia mwanao hayupo. Anasikia, anafungua mkono, anakwenda zake. Kazi yetu ni hiyo tu. Wewe umempa mtoto mwenye joto. Halafu ukaenda kupokea simu kabla hajaambiwa kitu."

Theluji ilidondoka kutoka paani kwa kishindo. Wote wakashtuka.

"Na huo uzito," Orie alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini hakuna aliyeacha kuisikia. "Kila unapofanya mazoezi, mkono unakuwa mzito, sivyo? Ulijua."

Tatsunori alilainisha upindo wa joho kwa kidole.

"Ulijua, baba Tsugio."

"Nilijua una kitu. Sikujua kinatoka wapi." Alifunika uso. "Nilisikia baba ananisifu. Maisha yangu yote sijawahi... Zimebaki siku chache tu kabla ya maonyesho. Tusubiri yapite, kisha—"

Orie alimwendea, akampa mtoto. Tatsunori alimpokea na mikono yake ikaruka juu. Alibaki amemshika hivyo, kama mtu aliyepewa kofia.

"Hizo sifa kaa nazo," Orie alisema. "Mimi nirudishie mwanangu."

Hawakungoja kesho. Mzee Genzo alifunga milango ya nje, akavaa rasmi, akaketi mahali pa waimbaji akiwa peke yake. Bi Fusae alikaa nyuma yake, amekumbatia taulo lake lililolowa, ananong'ona sala za Budha na matusi kwa zamu. Orie aliambiwa akae ukingoni mwa jukwaa, mikono tayari.

"Mkono utakapofunguka, mpokee," mzee alimwambia. "Lakini sikiliza, binti yangu. Usimwambie yule mama neno. Maneno yake yote yamo ndani ya mchezo, hayapungui, hayazidi. Ukimwongezea lako, atalichukua."

"Nimesikia, baba."

Tatsunori alitoka katika chumba cha kioo. Alikuja kwa mwendo ule, shhh, kimya, shhh, na ndani ya mkono wa kulia wa joho alikuwa mtoto, na kinyago kilikuwa kinang'aa. Mzee akaanza kuimba. Aliimba mlima, aliimba njia, aliimba miaka ya kutangatanga, na pumzi yake ikawa inatoka nyeupe ingawa jiko lilikuwa linawaka. Kisha akafika kwenye wimbo wa mwisho:

Theluji yenda,
mlimani kwabaki
mawe na maji;
nafungua mkono,
mwana hayumo humu.

Mkono haukufunguka.

Mzee akaurudia wimbo tangu mwanzo, akaurudia tena, na kila alipoufikisha mwisho ule mkono wa joho ulizidi kujikaza, na Orie akaona vidole vya mumewe vilivyoshika upindo wa nguo vimegeuka rangi, kucha zikiwa za buluu kama za mtu aliyechimbuliwa kwenye theluji, na harufu ya karafuu maiti ikapanda mpaka machozi yakawatoka, na mwanga wa taa ukawa mdogo, na sauti ya mzee ikakwaruza na kukatika na kuanza upya, na kile kinyago, ambacho ndani yake alijua yumo mume wake, baba wa mwanawe, mwanamume anayependa wali wa moto na kukoroma, kikageuza uso wake mweupe taratibu kutoka kwa mzee, kikamtazama yeye, yeye mama mwingine, kikainua kidevu, kikamchekea kwa furaha kama jirani anayemwonyesha mwenzake mtoto wake mchanga.

Maziwa yakamtoka Orie. Hakuyaita. Yalikuja yenyewe kama yanavyokuja saa ya kunyonyesha ikipita, yakalowesha kifua chake chote, ya moto katika baridi ile. Hakujua afanye nini na haya zake, mbele ya baba mkwe. Akafungua ukosi wa kimono.

Kitu kidogo kilijigeuza ndani ya mkono wa joho. Kikanusa. Kisha Tsugio akalia.

Alilia kwa sauti yake ya zamani, sauti iliyojulikana na muuza tofu na mtaa mzima. Kinyago kikashtuka. Kikaangalia chini kwenye mkono, kikaanza kumbembeleza mtoto, upande huu, upande ule, kwa haraka, kwa namna ambayo Orie aliijua kwa sababu na yeye aliwahi kumbembeleza hivyo usiku wa kwanza, alipokuwa bado hana maziwa. Mtoto akazidi kulia. Na wingu likaingia usoni mwa kinyago. Liliingia polepole kuanzia macho, na chini ya mti ule ikatoka sauti ya kilio ambayo haikuwa ya Tatsunori wala ya mwanamume yeyote.

Orie alisahau alichoambiwa. Alisogea kwa magoti, akashika upindo wa joho, akamnong'oneza, kama ambavyo mwanamke yeyote angemwambia mwenzake aliyefiwa na mtoto:

"Usilie, dada. Basi, usilie. Utapata mwingine."

Kilio kikakoma. Mkono ukafunguka.

Tsugio aliangukia mapajani mwake kwa uzito wake wote, uzito mtamu uliomwumiza, akalipata titi na kulishika kama mwizi. Tatsunori akapiga magoti, akakivua kinyago kwa mikono miwili, akakiinamia mpaka paji la uso likagusa mbao. Bi Fusae alikuwa akilia ndani ya taulo.

Ni Mzee Genzo peke yake aliyekuwa akimtazama Orie.

"Umemwambia nini?"

"Sijasema kitu, baba," Orie alijibu.

Siku ya maonyesho Tatsunori alivaa kinyago kingine. Alikunja mkono, na watu ukumbini wakakohoa na kutafuta saa zao. Nyumbani Mzee Genzo alimwambia, "Kitambaa." Tatsunori aliinama na kusema, "Ahsante, baba," na mzee akamgusa bega. Kinyago cha mama kilitiwa ndani ya mfuko wa hariri, kikatiwa sandukuni, na kasisi wa hekaluni akabandika karatasi ya sala juu ya kifuniko.

Theluji iliyeyuka. Meno ya Tsugio yakaota, akaanza kutambaa, akasimama, akavunja kikombe akipendacho bibi yake na kucheka. Harufu haikurudi. Nyayo hazikurudi.

Vuli ilipofika, majani yakipukutika, siku ya jua kavu, walitoa majoho yote kuyaanika, kama ifanyikavyo kila mwaka ili wadudu wasiyale. Kamba zilivutwa uani. Orie alitundika joho baada ya joho, la dhahabu, la bluu, jeupe, na joho la Mkono Mtupu mwishoni. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa amemgawia mtu. Kwa muda sasa siku zake zilikuwa zimepita, na harufu ya wali ikichemka ilikuwa ikimkimbiza nje kila asubuhi. Alingoja tu jioni nzuri amwambie mumewe. Na leo mambo yalikuwa mazuri zaidi: kichefuchefu kilikuwa kimekatika. Alikuwa amekula bakuli zima bila shida. Alijisikia mwepesi.

Upepo ukaja kutoka mlimani. Majoho yote yakainuka kwenye kamba na mikono yao ikapepea pamoja, na Tsugio akapiga makofi.

Mkono mmoja haukupepea.

Orie alitazama kwa muda mrefu. Mkono wa kulia wa lile joho la mwisho ulining'inia wima, umevutwa chini, na kamba ilikuwa imejipinda upande ule. Alimnyakua Tsugio, akampima mikononi. Alikuwa mzito. Alikuwa mzito kabisa, akipiga mateke akitaka ashushwe. Orie akataka kucheka. Kisha akakumbuka neno alilolisema ukingoni mwa jukwaa, utapata mwingine, na jinsi kilio kilivyokoma palepale aliposema.

Alimweka mtoto chini. Mkono wake mmoja ulikwenda tumboni. Mwingine aliunyoosha, akauweka chini ya ule mkono wa joho, kama mtu anavyokinga mgongo wa mtoto mchanga.

Kitambaa kilikuwa na joto. Na ndani yake kitu kidogo sana kilijigeuza, kikatafuta mahali pazuri, kikatulia.